Uchovu Usioondoka kwa Usingizi



Uchovu ni wa namna mbili, na yafaa kila mwenye nyumba azitambue zote mbili. Wa kwanza ni uchovu wa mpagazi aliyebeba magunia kutwa, au wa mama aliyeshinda jikoni siku ya arusi: mtu huyo hula, hulala, na kunapokucha huamka mzima. Uchovu huu hauna hofu, kwani usiku umewekwa kwa kupumzikia na mchana kwa kutafutia riziki. Wa pili ni uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao; hupewa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu humkuta vile vile. Huu wa pili ndio tutakaouzungumza, kwa kuwa umeenea makazini, na wengi huudhania kuwa ni uvivu, au kiburi, au udhaifu wa imani.

Sisi twausema kwa kuwa tumekaa nao. Kazi yetu ni ualimu wa shule ya msingi. Mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipoondoa ada na michango ya lazima tangu shule za msingi hadi kidato cha nne, watoto waliokuwa wakikaa majumbani walikuja shuleni, nalo lilikuwa jambo la kushukuriwa. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri ya watoto. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Chumbani mwetu walikuwa 90. Basi na tufanye hesabu. Daftari moja likisahihishwa kwa dakika mbili tu, madaftari 90 ni dakika 180, yaani saa tatu kamili, kwa somo moja. Saa tatu hizo zatoka wapi, ila katika wakati wa Magharibi na Isha, ambao ni haki ya watoto wetu wenyewe?

Dalili hazikuja kwa kishindo. Kwanza mwili ulichoka: tulilala saa nane na tukaamka wazito, na kila Jumapili jioni kifua kilibana. Kisha moyo ukapoa. Alikuwako mtoto aliyeshindwa kusoma kwa muda wa mwaka mzima. Siku aliyosoma ukurasa wote bila kukwama, darasa zima lilimpigia makofi, nasi tukamtazama bila kuhisi lolote. Hapo ndipo tulipoogopa, kwa maana furaha ya namna ile ndiyo iliyotuingiza katika ualimu. Mwisho tukaiona kazi ya miaka kumi na minne kuwa sawa na kutwanga maji kinuni. Nyumbani, mwenzetu ndiye aliyetambua kabla yetu. Alituambia kwa upole ya kuwa siku hizi tuko nyumbani lakini hatupo, na ya kuwa watoto wamejifunza kutuuliza mambo yao kupitia kwake.

Mambo hayo matatu, yaani kuchoka kabisa, kupoa kwa moyo, na kuona kazi haina faida, ndiyo yale yale waliyoyataja wataalamu. Mwaka 1974, Herbert Freudenberger, mtaalamu wa mambo ya nafsi mjini New York, aliandika juu ya hali hii baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa katika zahanati isiyotoza malipo. Tazameni, ndugu zetu: hawakuwa wavivu hao, bali ni watu waliokuja kazini kwa mapenzi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii, si kama ugonjwa, bali kama jambo litokanalo na shida za kazi zilizodumu bila kutengenezwa. Shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilitangaza mwaka 2021 ya kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kulihusika na vifo vya watu wapatao 745,000 katika mwaka 2016, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Basi jambo hili si la mzaha.

Tulifanya nini? Kwanza tulikwenda kwa daktari, na twamshauri kila mtu aanzie hapo. Kwani upungufu wa damu, kisukari, maradhi ya tezi na sonona vyaweza kuleta uchovu unaofanana na huu, na kila kimoja kina dawa yake. Mtu akifikia kutamani kufa, asingoje hata siku moja, wala jamaa zake wasimwache peke yake.

Pili, tulipeleka habari kwa wakubwa. Katika ofisi moja tuliambiwa ya kuwa wenzetu wanaweza, kwa nini sisi tusiweze. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mwalimu wetu mkuu alipoonyeshwa hesabu ile ya saa tatu, alielewa. Tukakubaliana tusahihishe madaftari 30 kwa siku, kwa zamu, na yaliyobaki wanafunzi wabadilishane na kusahihishiana kwa kufuata majibu ya ubaoni. Saa tatu zikawa moja. Kisha tukachukua likizo yetu yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huko Tanzania Bara, yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, nayo ni haki, si hisani. Moyo haukurudi kwa juma moja. Ulirudi kidogo kidogo, kwa muda wa miezi.

Twajua wako watakaosema ya kuwa Mwislamu wa kweli huvumilia. Subira ni jambo tukufu. Lakini tukumbuke kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardaa, radhi za Allah ziwe juu yao. Abu Dardaa alifunga mchana na kusali usiku hata akamsahau mkewe. Salman akamkumbusha ya kuwa Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe ina mpaka, je, kazi ya mshahara? Kadhalika Mtume aliwakataza mabwana wasiwatwike watumishi wao yasiyobebeka, na wakiwatwika basi wawasaidie. Amri hiyo haikuelekezwa kwa abebaye, bali kwa atwikaye.

Basi, enyi vijana mnaoanza kazi, msione fahari kujibu simu za ofisi usiku wa manane. Nanyi mlio wakubwa wa kazi, mkimwona mtu mwema amekuwa mkali na mzito, kabla ya kumkaripia, hesabuni mnachomtwika. Nanyi wake na waume, mwenzenu akirudi mwili wake pasi na moyo wake, msimlaumu kwanza. Mkalisheni, mpeni chai, mumwulize analala vipi.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na nguvu za kuichuma, na moyo wa kuifurahia pamoja na watu wetu. Amin.