Kumbukumbu ya Mama Yangu Mwuguzi

Mwezi huu nimeona vema kuandika habari za mama yangu mzazi, aliyekuwa mwuguzi, ambaye alifariki mwezi wa Julai mwaka wa 2018. Siandiki ili nimsifu tu, maana sifa za marehemu kila mtu aziweza, na mara nyingi hazimfai aliye hai. Naandika kwa sababu ndani ya habari zake mna jambo langu mimi, tena jambo la aibu, nililolificha miaka mingi. Nadhani huenda likaifaa nyumba nyingine.

Mama alizaliwa mwaka wa 1949 katika kijiji kimoja cha Bonde, upande wa Muheza, penye michungwa na minazi, chini ya milima ya Usambara. Baba yake alikuwa mkata mkonge, naye aliona kumpeleka mtoto wa kike shuleni ni kupoteza fedha. Bibi akauza nazi kwa siri, akamlipia ada. Hata alipomaliza darasa la nane, mwaka wa 1967 akapokelewa katika hospitali ya misheni kujifunza uuguzi, akajifunza miaka mitatu.

Alikuwa akituambia kwamba mwaka wa kwanza hakugusa sindano hata moja. Alifundishwa kutandika kitanda kisiwe na mkunjo, kumwosha mgonjwa asiyejiweza, kuchemsha vyombo, na kumlisha mtu polepole bila kumharakisha. "Nilidhani wamenifanya kijakazi," alisema, "kumbe huo ndio uuguzi wenyewe. Sindano huja baadaye."

Kazi ile hakuiacha hospitalini alipovua nguo nyeupe. Mwaka wa 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa Tanzania nzima walipokusanyika kwa vikundi kusikiliza mafundisho katika redio, yeye alizunguka kijijini kwetu akiwahimiza watu kuchimba vyoo, na cha kwanza kuchimbwa kilikuwa chetu. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule, alishika jembe mwenyewe ili watu wamwone.

Mimi nilizaliwa mwaka wa 1979, basi ninayoyakumbuka mwenyewe ni ya miaka ile ya dhiki, sabuni na sukari zilipokuwa adimu madukani. Mama hakukubali udhuru. Sabuni ikikosekana, tulinawa mikono kwa majivu. Mtoto akiharisha, alichemsha maji lita moja, akayaacha yapoe, akatia vijiko vidogo sita vya sukari visivyorundikwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akamnywesha kidogo kidogo mchana kutwa. Sukari ikikosekana, alipika uji mwembamba wenye chumvi kidogo. Majirani walijifunza kwetu, na watoto wengi waliokuwa wamelegea kama jani la mgomba juani niliwaona wakiinuka.

Alipokuwa na zamu ya usiku, alirudi alfajiri na taa yake ya chemli mkononi, nguo zake zikinuka dawa ya kuoshea vidonda. Kabla hajaketi, alipita kitanda kwa kitanda, akatugusa kila mmoja shingoni kwa mgongo wa kiganja, kuona kama mna homa. Nami mara nyingi nilikuwa macho, nikajifanya nimelala, ili nisikie mkono ule.

Sasa nitaingia katika jambo lenyewe.

Mwaka wa 1991 kaka yangu mkubwa alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi ya kupakia mizigo bandarini. Alikuwa mtu mkarimu sana. Mama aliletewa khanga kila Krismasi, na ada yangu ya sekondari ilitoka mfukoni mwake. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1997, wakati wa mvua zile kubwa zilizoitwa El Niño, alirudi nyumbani. Barabara ilikuwa imekatika. Akashuka garini mbali, akatembea matopeni. Alipofika mlangoni sikumtambua. Nilidhani ni mzee fulani aombaye maji.

Ugonjwa wake ulikuwa UKIMWI. Katika nchi yetu wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka wa 1983, na watu wa huko, wasijue ni nini, waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fahari kilichokuwa kikiuzwa siku zile. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na bado kijijini kwetu wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni laana, na karibu wote walisema usimguse. Wala dawa za kuutuliza hazikuwa zimetufikia. Zilianza kutolewa bure nchini Tanzania mwaka wa 2004.

Ukoo ukakutana. Baba yangu mdogo akasema mgonjwa awekwe katika kibanda cha nyuma, atengewe sahani yake na kikombe chake, na baadaye vichomwe moto. Baba aliinama, hakusema neno. Mama alikuwa ametoka kazini, hata kiatu hajavua. Akajibu, "Shemeji, huyu si kuku mwenye kideri, ni mwanangu. Atalala chumbani mwangu. Ugonjwa huu hupita katika damu, na katika tendo la mume na mke, na mama huweza kumwambukiza mtoto wake. Haupiti katika sahani, wala kikombe, wala kushikana mikono. Kidonda chake kikitoka damu nitavaa mipira mikononi. Akila, nitakula naye."

Akaleta sinia ya bada na mchuzi wa samaki, akaketi mkekani karibu na kaka, wakala pamoja mbele ya wazee wote. Hakuna aliyesema tena habari za kibanda.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, na Jumapili niliwafundisha watoto wa kanisa letu. Niliyasikia maneno ya mama, nikayaamini. Hata niliwaeleza vijana wenzangu kana kwamba mimi ndimi mwuguzi. Lakini kusikia ni kwa masikio, na hofu hukaa mahali pengine.

Siku moja mwezi wa Januari mwaka wa 1998 niliachwa nyumbani na kaka peke yetu. Nikampikia uji wa mahindi, nikampa katika kikombe cha bati chenye ua jekundu. Alikunywa nusu, akaninyoshea kikombe. "Mdogo wangu, nimeshiba. Malizia wewe. Mvua zimeozesha muhogo shambani, si vema kumwaga chakula."

Nikasema, "Asante, kaka." Nikakipokea, nikatoka nacho nje, nikaumwaga ule uji chini ya mchungwa. Kisha nikarudi ndani nikiwa nafuta midomo kwa mkono, kama mtu aliyekunywa. Kaka akatabasamu, akafumba macho.

Wasomaji wangu, kuogopa ni jambo la kila mwanadamu. Lakini kule kufuta midomo kulikuwa uongo, tena nilimdanganya mtu aliyenilipia ada. Na Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watoto kuwasimulia habari za Msamaria mwema. Nikafika pale palipo na kuhani na Mlawi waliopita kando, ulimi ukawa mzito. Watoto walidhani nimesahau.

Mama hakuniambia lo lote. Ila kesho yake alinipa kazi mpya: nioshe vyombo vya kaka pamoja na vyombo vyetu vyote. Baada ya juma moja akaniambia nimshike mkono anapokwenda chooni. Baada ya juma jingine akaniita nimshike mabegani wakati yeye anamwosha mgongo, akanionyesha namna ya kumgeuza mtu bila kumwumiza: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, usimvute ngozi. Mimi nilinung'unika moyoni kwamba kazi zote zimeniangukia. Lakini hata ilipofika mwezi wa Machi, kaka alipokuwa mwepesi kama mtoto, mimi ndimi niliyekuwa nikimbeba mgongoni kumpeleka kuota jua, na pumzi yake shingoni mwangu haikuniogopesha tena. Akafa mwezi ule ule, alfajiri, mama akimshika mkono.

Nilikuwa nimempenda tena kaka yangu, lakini habari ya uji sikumwambia. Nilijisemea, Kesho. Na kesho ikawa ni mazishi.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu wa dini, nikaoa, nikapata watoto. Mama akastaafu mwaka wa 2009. Mwaka wa 2016 akapatwa na kiharusi, upande wa kuume ukafa, na maneno yakawa yanamtoka vipande vipande. Ndipo tulipojua kwamba yeye aliyewapima watu wengi shinikizo la damu alikuwa halipimi la kwake. Vidonge alivyoandikiwa tulivikuta sandukuni, vimefungwa katika leso, havijapungua ila vichache. Wauguzi wanaosoma maneno haya, nawasihi, msifanye hivyo. Ninyi nanyi ni watu.

Tulimweka nyumbani mwangu. Mke wangu, dada yangu na mimi tulipokezana zamu, kama wodini. Kila baada ya saa mbili tulimgeuza, mchana na usiku. Tulitazama visigino, nyonga, na chini ya mgongo, tusione wekundu. Tulimlisha ameketi, kijiko kidogo kidogo, upande wa mdomo ulio na nguvu, wala hatukumwacha kabla hajameza. Tukichelewa kumgeuza, aligonga ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, kama sista mkuu wa wodi. Miaka miwili alilala, wala hakupata kidonda cha kitanda hata kimoja. Mafundisho yale yalikuwa yake mwenyewe; aliyaweka ndani yetu, tukamrudishia.

Usiku mmoja wa masika, mwaka wa 2017, ilikuwa zamu yangu. Mvua ilipiga bati, nikaukumbuka mwaka ule mwingine wa mvua. Nikamwambia, "Mama, nina neno la kukiri. Kaka alinipa uji wake, nikaumwaga chini ya mchungwa, nikamdanganya kwamba nimeunywa."

Alininyamazia kwa muda mrefu, hata nikadhani hakufahamu. Kisha akasema, neno moja moja, "Nili... kuona." Alikuwa amerudi mapema siku ile, akasimama nyuma ya ua.

Nikamwuliza, "Mbona hukunikemea?"

Akasema, "Kaka yako... naye aliona. Dirishani." Akapumzika. "Akaniambia... mwache, mama. Anaogopa. Bado mtoto."

Hapo nililia, mtu mzima wa miaka thelathini na minane. Mama akaniwekea mkono wake wa kushoto shingoni, kwa mgongo wa kiganja, kama zamani. Nikamwuliza tena, "Na zile kazi ulizonipa, kuosha vyombo na kumshika kaka, zilikuwa adhabu?"

Akatikisa kichwa. "Dawa," akasema. "Kidogo... kidogo."

Basi nikafahamu. Aliona ugonjwa wawili ndani ya nyumba ile, akauguza wote wawili. Wa kaka haukuwa na dawa siku zile. Wangu ulikuwa nayo, naye akanipa kwa kipimo, kwanza kikombe, kisha mkono, kisha mgongo, hata nikapona bila kujua kwamba ninatibiwa. Kama angalinikemea mbele ya watu, ningalikunywa uji kwa aibu, lakini hofu ingalibaki pale pale.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya machungwa. Walikuja watu wengi kuzika, na wengine walinionyesha watoto wao wakubwa wakisema, "Huyu alizaliwa mikononi mwake." Baba yangu mdogo naye alikuja, mzee sana, akashika jeneza upande wa mbele.

Wapenzi wasomaji, siku hizi mambo yamebadilika kwa neema kubwa. Mwenye virusi vya UKIMWI akimeza dawa zake kila siku, hata kipimo kisivione virusi tena katika damu yake, huishi, hufanya kazi, wala hamwambukizi mwenziwe wa ndoa. Lakini nimeingia nyumba za Wakristo, tena za walimu, nikaona bado pana kikombe kilichotengwa rafuni. Hakuna anayesema ni cha nani, lakini kila mtoto ajua. Nawaomba mkirudishe kikombe hicho pamoja na vingine.

Nanyi walimu wenzangu, mtoto wenu akionyesha hofu au choyo, msikimbilie kiboko wala hotuba. Mpeni kazi ndogo ya upendo aifanye kwa mikono yake, na kesho yake nyingine kubwa kidogo. Na mwenye neno la kumwambia nduguye aliye kitandani, amwambie leo. Mimi nilingoja kesho, na msamaha wangu ukanifikia baada ya miaka kumi na tisa, kwa kinywa cha mama kilichokuwa kimepooza nusu.

Kikombe kile cha bati ninacho hata sasa. Ua lake limechubuka, nacho hutumiwa na ye yote mwenye kiu nyumbani mwangu.