Spoki 36 na Mama Aliyetembea Usiku

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na nitaandika juu ya gurudumu. Msicheke kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni Mbajuni. Nilizaliwa Ifo, Dadaab, nikasoma huko mpaka kidato cha nne, na mwaka 2018 tukarudi Kismayo kupitia Dhobley. "Kurudi" ni neno la wazazi. Mimi mji huu nilikuwa sijauona hata siku moja, na bahari nilikutana nayo nikiwa na miaka 19. Sasa najitolea kwenye kambi moja ya wakimbizi wa ndani, pembeni ya mji. Mchana napeleka ujumbe na dawa za kutibu maji. Usiku nikipigiwa simu, napeleka wagonjwa.

Kazi hiyo naifanya na Boxer kuukuu tuliyochangishana vijana sita. Ni ile ya magurudumu ya spoki, na kila gurudumu lina spoki 36. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Spoki zinaota kutu, nati zake zinashikana, na barabara ni mchanga na mashimo. Siku moja niliingia shimo kwa kasi, na tangu hapo gurudumu la nyuma likawa linayumba kama mlevi.

Pesa ya fundi hatukuwa nayo. Nikasema, bana, mimi nimesoma, nitashindwa na spoki? Nikachukua spana, nikazungusha gurudumu, kila palipoelemea kushoto nikakaza spoki za kulia. Palipoelemea kulia, nikakaza za kushoto. Kaza, kaza, kaza. Jioni gurudumu likaonekana limenyooka. Nikajisifu.

Usiku wa siku ya tatu nikaitwa. Mama mmoja, mtoto wake ana homa kali, anatetemeka. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia, tairi ikaisha upepo, spoki moja ikakatika pah! Tukatembea. Mama amebeba mtoto, mimi nasukuma pikipiki gizani. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtoto alitibiwa, alhamdulillahi, akapona. Lakini mimi usingizi sikupata.

Asubuhi nilivua tairi. Kumbe ncha za spoki nilizokaza zilikuwa zimepenya upande wa ndani wa rimu zikatoboa tyubu. Mjomba wangu akanikuta nimekaa chini na vyuma vyangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ni n'ni hiki?"

Mjomba ni mvuvi wa Koyama. Pikipiki hajapanda maisha yake, anasema mtu mzima hakalii kitu kinachopiga kelele. Nikamweleza. Akagusa spoki moja moja kwa kidole, akauliza, "Ulipovuta upande huu, ule wa pili uliulegeza?"

Nikamwambia sikuulegeza.

"Basi hukunyoosha kitu. Mlingoti unashikwa na kamba za pande mbili. Ukivuta ya kulia na ya kushoto hujailegeza, mlingoti hausimami sawa, unavunjika." Akaniambia wazee wetu walishona mitepe kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na chombo kilifika kwa sababu kila kamba ilibeba sehemu yake.

Tukaanza upya, na hivi ndivyo tulivyofanya. Kama nawe una pikipiki ya spoki, jaribu.

Kwanza simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, huenda tatizo ni beringi, usihangaike na spoki bado. Halafu tia tone la oili kwenye kila nati, iache ilale usiku mzima. Kesho yake gonga kila spoki kwa spana. Iliyokaza inalia "ting", iliyolegea inalia "tup". Zilizolegea zikaze kidogo mpaka zilie karibu sawa na wenzake.

Funga waya kwenye chuma kinachoshika gurudumu, ncha yake ikaribie rimu bila kuigusa. Zungusha polepole. Anza na kupanda na kushuka: rimu inapopanda, kaza spoki za pande zote mbili hapo. Ndipo uende kwenye kuyumba: ikielemea kushoto, legeza kidogo za kushoto, kaza kidogo za kulia, sehemu hiyo tu. Kidogo ni robo mzunguko. Na angalia: ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, kukaza ni kama mshale wa saa unavyokwenda. Ukiitazama kutoka katikati ya gurudumu, ni kinyume. Hapo wengi tunapotea.

Usitafute unyoofu wa kiwandani. Ikiyumba chini ya milimita 2 inatosha. Mwisho piga tupa ncha zilizotokeza, rudisha mkanda wa rimu, ndipo uvae tyubu. Baada ya siku chache za kuendesha, gonga tena usikilize.

Ilituchukua siku nzima, na spoki moja ya kununua. Ile kazi yangu ya kwanza ilichukua saa moja.

Juzi yule mama nilimkuta kwenye foleni ya maji. Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Leo itafika?"

"Itafika, mama."

Akacheka, akapandisha dumu lake nyuma, naye akapanda. Njia nzima nilikuwa nasikiliza gurudumu.