Lushoto kwa Miguu na kwa Shikamoo

Juu kidogo ya kijiji cha Yoghoi njia inabana kati ya ukingo wa shamba la maharage na mtaro wa maji, na hapo ndipo tulipomkuta mama mmoja amebeba mzigo wa kuni kichwani. Akajibanza pembeni atupishe. Tukapita sita kwa mpigo, tunahema, viatu vyekundu na vya njano, saa mikononi. Hatukumsalimu. Pumzi zenyewe tulikuwa tunazihesabu.

Alitua mzigo. "Jamani, kuna nini huko mwendako? Nani amefariki?"

Ikabidi tusimame. Mmoja wetu, ambaye ni Msambaa mwenye jina linaloanza na "She" kama nusu ya wenzake wa milimani, alishakuwa anacheka. Huku mtu mzima hakimbii hivihivi. Akikimbia kuna moto, kuna mgonjwa, kuna mwizi. Watu sita wakikimbia pamoja saa moja asubuhi, huo ni msiba, tena wa mtu mkubwa.

"Hakuna kitu, shangazi. Shikamoo. Tunafanya mazoezi tu."

"Marahaba." Akatukagua mmoja mmoja, kuanzia viatuni. "Mazoezi! Kwenu hakuna mashamba?"

Kwetu ni Dar es Salaam. Mashamba hatuna, tuna lami. Kila Jumamosi alfajiri tunakimbia na klabu yetu ya mtaani, fulana za sare, bodaboda zikitupita ubavuni, jua likituwahi kabla hatujamaliza. Wazo la kwenda kukimbia milimani alilileta huyohuyo Msambaa wetu, na ilikuwa kama mzaha hadi Ijumaa ile ya mwisho wa Januari tulipojikuta kituo cha Magufuli, Mbezi, kila mtu na begi lake. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Safari yenyewe haina la kusimulia mpaka Mombo. Pale basi linaacha barabara kuu ya Arusha, linageuza pua kulia na kuanza kupanda, kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, mto ukinguruma korongoni na matawi ya miti yakikaribia vioo. Ukifika Soni unafunga dirisha. Ukifika Lushoto unatafuta sweta.

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Wajerumani waliokuwa wakilikimbia joto la chini walipanda huku wakajenga mji, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Jina hilo limebaki vitabuni. Kulikimbia joto kumebaki palepale. Sisi tulikuwa tunafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba tulipanga vyumba vya bei nafuu nyuma ya soko na kulala na soksi.

Baada ya yule mama tulibadili utaratibu. Hakuna kumpita mtu bila salamu. Utasema ni jambo dogo, lakini njia za Usambara zina watu. Hii si mbuga, wala si pori la kukimbia saa mbili bila kuona mtu. Kila mita ya njia ile imetengenezwa na miguu ya anayekwenda shamba, shule, kisimani, msikitini, kanisani. Barabara ya gari inazunguka mlima. Njia ya miguu inakata moja kwa moja, na mara nyingine inapita katikati ya uwanja wa mtu, baina ya nyumba na jiko, kuku wakitawanyika. Hapo unapiga hodi huku unakimbia. "Hodi!" "Karibuni!" "Tunapita!" "Haya, piteni!" Mazungumzo yote yanakwisha ndani ya hatua nane, na mwenye nyumba hajainua hata macho kwenye ungo wake.

Saa yangu, ambayo Dar hunisimamia kama mnyapara, ilisema ninakwenda kilomita moja kwa dakika kumi na tatu. Niliivua, nikaitia mfukoni.

Wala kasi haikuwa imepunguzwa na shikamoo peke yake. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na mapafu ya mtu wa pwani yanalijua hilo kabla hajaambiwa. Kwenye mpando mkali unaacha kukimbia, unaweka viganja juu ya magoti na kutembea umeinama, na hakuna anayekucheka isipokuwa watoto. Hao walitukuta penye mpando wa pili, wanne au watano, wamevaa kandambili. Walikimbia mbele yetu, wakasubiri, wakakimbia tena, wakasubiri tena. Mdogo kuliko wote alikuwa anakimbia kinyumenyume ili atuone vizuri.

Kushuka ndiko kwenye ufundi. Hatua fupi, za harakaharaka, macho hatua tatu mbele, mikono wazi kama mtu anayetafuta mizani juu ya gogo. Ukijikaza kurudi nyuma unateleza. Ukijiachia unapata raha ambayo lami haijawahi kunipa: matuta ya karoti na kabichi yanapita chini ya macho, harufu ya mikaratusi inakuja na kuondoka, kijana anafungua mfereji kwa jembe, maji yanageuka kufuata alipoyaelekeza, nawe umeshapita.

Halafu, Irente, ardhi inakatika. Sijui namna nyingine ya kulisema. Unatoka kwenye miti, unapiga hatua chache juu ya mwamba, na mbele yako hakuna kitu. Tambarare iko huko chini, karibu mita elfu moja, na joto lake ulilolikimbia jana linaonekana kwa macho, linatetema. Mistari ya mkonge imenyooka kama ya daftari. Barabara ya Arusha ni uzi. Mazinde iko pale chini, na ukiwa juu ya ule mwamba unaelewa historia ya Wasambaa bila mwalimu. Watawala wao wakuu walikaa Vugha, juu, kwenye mvua na migomba. Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliona misafara ya biashara ikipita uwandani, akashuka kukaa Mazinde karibu na njia ya mali. Baba yake alipofariki mwaka 1862 mlima na uwanda vikavutana, na nchi ikaingia vitani. Tulikaa pale mpaka jasho likakauka na baridi ikaanza kutuuma mgongo.

Chakula cha mchana tulikula shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri: mkate mweusi mzito, jibini inayotengenezwa hapohapo, jemu, juisi. Mimi si mtu wa jibini. Siku hiyo nilikula ya kwangu na ya jirani.

Usiku mvua ikanyesha, na Jumapili nikalipia ujeuri wangu. Niliambiwa nije na viatu vyenye meno. Nikaja na vya lami, soli laini kama sahani. Kwenye mteremko wa kwanza wa msitu wa Magamba, udongo mwekundu ukanichukua miguu yote miwili, nikashuka kwa makalio hadi kwenye mzizi ulionipokea. Kiongozi wetu wa msituni alirudi, akanikatia fimbo, hakusema kitu. Yeye alikuwa amevaa mabuti ya mpira. Alitutangulia kwa mabuti hayo asubuhi nzima, na sikumsikia akihema hata mara moja.

Ndani ya msitu mwanga ni wa kijani na mbio zinakuwa za kimya. Alituonyesha mkulo, mti mkubwa ambao jina lake la kisayansi limebeba Usambara. Mbega walipita juu, mikia myeupe ikining'inia. Kinyonga mmoja alikuwa anavuka njia kwa ule mwendo wake wa kupima, mguu mbele, mguu nyuma, mguu mbele, na sote sita tukasimama tumpishe. Urujuani wa Kiafrika, ua linalopandwa kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, asili yake ni milima hii. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyelipeleka Ulaya miaka ya 1890. Sisi hatukuliona.

Tuliona udongo uliofukuliwa na nguruwe pori, na hapo kiongozi akatukumbusha habari za Mbegha. Mwindaji aliyetoka Ungulu, akazunguka milima hii kwa miguu na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba ya watu, nyama akawagawia; mwishowe wakamfanya mfalme, na ukoo wake ndio Wakilindi. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho mimi nilikisoma shuleni kwa kulazimishwa. Nilivyokisikia pale, miguu ikiwa na matope hadi magotini, kilikuwa kitabu kingine.

Tulirudi mjini saa sita, tunachechemea, tukaingia sokoni kununua matunda ya kupeleka nyumbani. Msimu wa plamu ulikuwa haujaisha. Zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu juu ya majani ya mgomba, nyekundu iliyoiva hadi kuwa nyeusi, na nyuma ya fungu la tatu alikaa mama wa jana, mwenye kuni. Safari hii tulimwahi.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba wanangu." Alitutazama matope, fimbo, na suruali yangu nyuma. Akaanza kutupimia, akaongeza nyongeza, akaongeza nyingine.

"Haya," akasema, "mmeshazika?"