Kidonge cha Baba Si cha Nyumba Nzima

Mume wangu alirudi kutoka mazoezini goti likiwa limeteguka. Zahanatini akapewa vidonge vya ibuprofeni, vikamfaa. Vilivyosalia niliviweka kabatini, na mama mkwe alipolalamikia viungo vyake, nilimpa kwa kipimo kile kile cha mwanawe. Alivimeza bila kuuliza, kwa kuniamini. Siku ya tano choo chake kikawa cheusi kama lami: tumbo lilikuwa likivuja damu. Alilazwa, akapona, lakini kosa lilikuwa langu.

Daktari alinieleza bila kunikaripia. Tumbo la mzee hujeruhiwa upesi na dawa za namna hiyo, na figo zake zimekwisha kupungua nguvu.

Tangu siku ile nimejisomea. Mwaka 1977 wakuu wa dawa wa Marekani walishauri kwamba wanawake wanaoweza kuzaa wasitiwe katika majaribio ya awali ya dawa. Ushauri huo uliondolewa mwaka 1993. Wazee nao mara nyingi waliachwa nje. Basi dawa nyingi zilipimwa zaidi katika miili ya wanaume wenye nguvu, kisha zikamezwa na watu wote. Hata aspirini, tuliyoizoea, yaweza kudhuru ubongo na ini la mtoto mwenye mafua au tetekuwanga.

Ndugu wasomaji, tusigawane dawa kama tugawanavyo chumvi. Tumtajie mganga umri wa mgonjwa, ujauzito wake, na dawa anazotumia. Kabati langu sasa lina kufuli.