Granada: Kisahani Kimoja, Watu Wawili
Granada, kusini mwa Hispania, ukiagiza kinywaji tu, kisahani cha chakula kinakuja bure. Ndiyo tapas hiyo. Tulifika mtaa wa Calle Navas mimi na mume wangu tumenuniana tangu Madrid (mambo ya hela, unajua tena). Kisahani kimoja, uma mbili. Utanuna mpaka lini? Tukaagiza na kamba wa vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili kavu, bado yanatokota. Hapo ndipo akacheka.

Nyumbani rahisi kuliko zote ni pan con tomate: choma mkate, usugue kwa kitunguu saumu, kisha nyanya iliyoiva hasa, mafuta ya zeituni, chumvi. Mume wangu analalamika saumu naizidisha. Naizidisha kweli.