Siku Tatu Amu: Kofia, Pembe za Vugo na Mkate wa Mofa

Juma lililopita ukurasa huu haukuwa na makala yetu, na baadhi yenu mlituuliza kama tu wazima. Tu wazima, Alhamdulillah. Tulikuwa Amu.

Safari yenyewe haikuwa na mpango. Shoga yetu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja hapa Mombasa kabla hajaolewa na kuhamia kisiwani, alitutumia ujumbe wa sauti usiku baada ya Isha. Hakusema mengi. Alisema tu: "Ndooni tuonane, nami ningali naona." Asubuhi yake tulikuwa tukiulizana nani atawaangalia watoto, na jioni tiketi za basi zilikwisha kukatwa. Tulikuwa watatu: mmoja wetu ni mpishi wa biriani za arusi, mmoja ni mchoraji wa hina, na mmoja ndiye ashikaye kalamu hii. Majina hatutayataja. Ni watu wa nyumbani, na jina la mtu wa nyumbani si la kuanikwa gazetini.

Njia ya Amu mwaijua wengi wenu. Kilifi, Malindi, kisha Garsen na Mto Tana, halafu Witu na Hindi hadi Mokowe, na katikati yake vizuizi vya askari ambapo abiria hushuka na vitambulisho mkononi. Barabara sasa ina lami, na anayekumbuka vumbi na matope ya zamani hatalalamika. Mpishi wetu alikuwa amepakata kopo la halua tangu Mombasa, asikubali liwekwe chini wala juu. Pale Mokowe tulitazama upande wa bandari mpya, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021, kisha tukapanda mashua. Mji ulipoanza kuonekana, ukuta mweupe mmoja baada ya mwingine, mazungumzo yetu yalikatika.

Mji wa kale wa Amu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na wageni huja na vitabu vyao kuutazama. Sisi tulikuwa na macho ya jambo moja tu. Tulipita kando ya ngome, ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kuwa gereza hadi 1984, tukaingia vichochoro vya Mkomani tukiwapisha punda, tukapita chini ya wikio ambapo mchana huwa kama magharibi. Shoga yetu alikuwa ameketi kwenye daka la nyumba yake akitungoja. Alitupungia mkono. Lakini tulipokuwa hatua tano kutoka kwake, tuligundua kwamba alikuwa akipungia nyayo zetu. Hakutujua nani ni nani mpaka kila mmoja alipotoa salamu.

Hatukusema neno. Tuliingia ndani.

Wasiopata kuingia nyumba za Amu wajue kwamba vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Mjenzi hakuweza kupanua chumba kupita mti ulivyokubali. Ukutani mna zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo zamani viliwekwa sahani za Kichina. Katika zidaka za shoga yetu hamkuwa na sahani. Mlikuwa na kofia zilizoviringishwa, reli za uzi, na kando yake pembe mbili za nyati, nyeusi, zilizong'aa kwa kushikwa.

Chakula cha kwanza kilikuwa mkate wa mofa. Mpishi wetu alisema wazi kwamba Mombasa hajapata kuula kama ule, naye si mtu wa kusifu vya wenzake. Unga wa mtama huumuliwa, huchapwa kwa mkono, kisha hubandikwa ndani ya ukuta wa tanuri ya udongo iliyokwisha kupata moto. Hutoka ukiwa mgumu kidogo nje na laini ndani, na haupendezi mpaka uchovywe katika mchuzi. Siku ile ulikuja na samaki wa kupaka, tui zito lililokolea ukwaju, na achari ya maembe. Kisha tukafungua halua, na mabishano yakaanza: iliki imezidi, zafarani haitoshi, Mombasa siku hizi hawakorogi kwa subira. Tulicheka kama tulivyokuwa tukicheka shuleni. Mwenyeji wetu alikula kwa kupapasa sinia, na kila mmoja wetu alijifanya hakuona.

Baada ya Asri alitoa kofia.

Ni kofia ya mkono, ya viua. Kitambaa cheupe cha pamba huwekwa tabaka mbili, ua huchorwa kwa kalamu ya risasi, kisha hutobolewa vitundu vidogo na kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kiwe kama jicho la sindano lililovishwa. Sehemu ya juu ni duara, na ya pembeni ni ukanda. Hushonwa mbalimbali na kuunganishwa mwisho. Kofia nzuri huchukua miezi. Madukani kofia za mashine zimejaa, na kijana aendaye msikitini kwa haraka hatofautishi, lakini mkigeuza ndani mtaiona tofauti: ya mkono ni safi ndani kama nje. Shoga yetu amewashonea mashekhe, mabwana arusi, na Waarabu wa Oman waliokuja kutafuta kwao kwa zamani. Hii aliyoitoa ilikuwa ya mwanawe wa kwanza, ambaye inshallah ataoa baada ya mfungo. Duara lilikwisha. Katika ukanda ilibaki shubiri moja.

"Shubiri hii," alisema, "ina miezi minane."

Hapo ndipo tulipoambiwa kisa chote. Ukungu ulianza jicho la kushoto, kisha la kulia. Taa za usiku zikawa na manyoya. Jirani alimwambia ni uchovu wa sindano. Mchuuzi mmoja akamuuzia matone ya macho, chupa baada ya chupa, kwa muda wa miaka miwili, akimhakikishia kwamba utando utayeyuka. Haukuyeyuka. Alipokwenda hatimaye kupimwa aliambiwa ni mtoto wa jicho, na kwamba dawa yake ni upasuaji. Alirudi nyumbani, akaikunja kofia, akanyamaza. Hata mumewe, aliyekuwa baharini, alimficha.

Tunaliandika hili kwa idhini yake, na kwa ajili ya mama zetu ambao pengine wana chupa kama ile kabatini. Mtoto wa jicho si utando wa juu unaofutika. Ni lenzi yenyewe ya jicho iliyopoteza uangavu wake, na hakuna tone linaloirudisha. Daktari huitoa na kutia lenzi ya bandia mahali pake. Jicho hutiwa ganzi, mgonjwa yu macho, na mara nyingi kazi yote haifiki saa moja. Tulimweleza haya. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Na likiharibika? Nikibaki na giza, nitashona kwa nini?"

Jibu hatukuwa nalo. Mchoraji wetu wa hina, ambaye mkono wake haujatetemeka mbele ya bibi arusi yeyote, aliichukua ile kofia na sindano akasema ataimaliza yeye. Alishona kiua cha kwanza. Shoga yetu alikipitisha chini ya ncha ya kidole chake, akakifumua. Cha pili akakifumua. Cha tatu vilevile.

"Mkono wako wajua kuchora," alimwambia, "haujui kungoja."

Usiku ule, baada ya kahawa chungu, mazungumzo yalikuwa ya safari. Mchoraji wetu alikwenda Muscat kabla ya Idi, akakaa majuma matatu akichora hina kwa wanawake waliomsemesha Kiswahili cha bibi zao. Alisema huko kazi yake ilipata heshima ambayo hapa haipati, na kwamba fundi akikaa mahali pamoja hufa na fundi yake. Alimtaja Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili: angebaki kwenye baraza za Unguja, sahani zake zingesikika wapi? Akamtaja na Zein l'Abdin, mwana wa Amu huyu huyu, ambaye udi wake ulijulikana kutoka Mombasa alikohamia, hadi alipofariki mwaka 2016. Mpishi hakukubaliana naye. Biriani, alisema, haisafiri. Lazima sufuria ifunguliwe mbele ya wanaokula. Walibishana hivyo mpaka mavyaa wa shoga yetu, bibi aliyekuwa kimya pembeni na tasbihi yake, akanyoosha mkono kuelekea kidaka.

"Niletee zile pembe."

Kwa wasichana wetu wasiojua: vugo ni ngoma ya wanawake katika arusi. Pembe hushikwa kwa mkono mmoja na kugongwa kwa kijiti, na zamani waimbaji walipita nazo mitaani usiku. Sauti yake ni kavu, haina mwangwi. Bibi alianza kugonga taratibu. Sauti yake ya kuimba ilikuwa nyembamba lakini haikupotea njia. Alipofika mahali pa kuitikiwa, alinyamaza akatungoja, akiendelea kugonga. Sisi tulitazamana. Sote tumeolewa, tumeoza dada zetu na binti za dada zetu, na hakuna aliyejua itikio. Shoga yetu peke yake aliitikia, kutoka pale alipokuwa ameegemea mto, macho yamefumbwa.

Mmoja wetu alitoa simu ili arekodi. Bibi aliona mwanga wake akaacha kugonga. Hakukasirika. Alisema wimbo ule mtu mmoja hawezi kuumaliza, kwa hiyo simu itauchukua nusu. Basi tuliweka simu chini tukajifunza itikio, mara sita au saba, hadi mpishi wetu, ambaye sauti yake ni ya kuamrisha wapika chapati, akalipata kuliko sisi sote. Ikawa zamu yake kuringa.

Kesho yake, tangu mahamri na mbaazi za nazi za asubuhi hadi adhana ya Adhuhuri, mchoraji wetu alikaa ubavuni mwa shoga yetu. Safari hii hakushona peke yake. Shoga yetu alishika kitambaa kwa mkono wa kushoto na kuweka kidole gumba pale uzi unapotakiwa kukazwa, akibonyeza, mwenzake avute, asipobonyeza, angoje. Hatukusikia neno lolote kwa muda mrefu, ila punda wa jirani. Kufikia wakati wa sala kulikuwa na viua saba vilivyopita chini ya kile kidole bila kufumuliwa. Saba tu, katika shubiri nzima. Cha nane alikifumua.

Mchana tulitembea naye Usita wa Mui, buibui nne zimeshikana mikono kama wanafunzi. Alituonyesha nyumba kwa kuhesabu hatua. Hapa mwalimu wetu wa Kurani. Hapa walikuwa washonaji watatu, sasa ni nyumba ya mgeni, hufunguliwa mwezi mmoja kwa mwaka. Hapa pananuka iliki, basi ni duka la viungo. Alijikwaa mara moja tu, kwenye ngazi iliyotengenezwa upya bila yeye kujua. Alisimama, akaipapasa kwa mguu, akasema kwa sauti ndogo kwamba mji unabadilika nyuma ya mgongo wake. Kisha akauliza siku ya basi letu, na kama kiti cha nne kinapatikana.

Mumewe alipigiwa simu usiku ule. Alinyamaza kwa muda, halafu akauliza kwa nini yeye awe wa mwisho kujua, na swali hilo lilikuwa la haki. Wamelimaliza wenyewe, si letu.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya nne. Bibi alitufungia mikate ya mofa katika kitambaa, akamkabidhi mpishi wetu pembe moja. Moja tu. Nyingine, alisema, itamngoja hapo hapo kidakani mpaka arusini, na atakayeishika sharti ajue itikio. Mashuani shoga yetu alikaa katikati yetu akipakata kofia ndani ya mfuko wa nailoni, na kila wimbi liliporusha maji aliufunika kwa mikono yote miwili.

Daktari wa hapa Mombasa amemwona. Ataanza na jicho la kushoto, siku ya Jumatano, na la kulia litafuata likishapona hilo. Twawaomba dua zenu. Twaandika haya Jumatatu asubuhi, naye yuko jikoni kwa mwenzetu mpishi, na kutoka huku varandani twawasikia wakigombana juu ya ukwaju.