Stata ya Gari Si ya Fundi Peke Yake



Leo tunaweka kando hina na piko, tunafungua boneti. Sisi ni ndugu wa tumbo moja hapa Unguja, na kazi yetu ni kupamba maharusi. Gari yetu ndogo ndiyo inayobeba udi, vipodozi, nguo za kukodisha na sisi wenyewe, leo Mjini, kesho Makunduchi. Bi harusi anayetusubiri hawezi kuambiwa kwamba gari imekataa kuwaka. Ahadi ni deni, na deni letu linaanzia kwenye stata.

Stata ni mota ya umeme. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unakwenda kwenye solenoidi, kile kikopo kilichokaa ubavuni mwake. Solenoidi inasukuma gia ndogo, mafundi wanaiita bendeksi, ishike meno ya gurudumu la injini. Hapo hapo inafungulia njia umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Injini ikishawaka, bendeksi inarudi nyuma.

Gari isipowaka, sikilizeni kwanza. Ikilia ta-ta-ta-ta na taa zikafifia, betri haina nguvu au vichwa vyake vichafu. Ikilia "ta!" moja nzito huku taa zinang'aa, ishuku stata: huenda kaboni zimelika au solenoidi imeungua ndani. Mota ikizunguka peke yake na injini imetulia, mara nyingi ni bendeksi. Na ikiwa kimya kabisa kwenye gari ya otomatiki, hakikisheni kwanza gia ipo P au N.

Yetu ilianza kutoa "ta!" moja katika wiki yenye harusi tatu. Fundi aliyekuja hakupima chochote, akatuambia tununue betri mpya. Sisi tulikuwa tumeshapima: betri ilikuwa na volti 12.6 gari ikiwa imezimwa, maana yake imejaa. Tukamshukuru, akaenda zake. Mama aliposikia tunaishusha stata wenyewe akashika kichwa. "Wanangu, majirani watasemaje, wasichana kulala chini ya gari?" Tukamjibu, "Mama, geti tutalifunga. Bi harusi wa Alhamisi akikosa kupambwa, hapo ndipo watakaposema."

Kabla ya spana, vueni pete na bangili. Dada uliyeolewa juzi, dhahabu yako tunaijua, lakini chuma chochote kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja kinawaka moto mkononi. Buibui liwekwe pembeni, ncha za mtandio zifungwe nyuma.

Tulianza kwa kufungua waya wa hasi wa betri, spana namba 10. Huo hutoka wa kwanza na kurudi wa mwisho. Gari tukaiinua kwa jeki mahali tambarare, tukaziba magurudumu kwa mawe, tukaiweka juu ya stendi za chuma. Msiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tukapiga picha ya nyaya kwa simu, tukafungua waya mnene na mwembamba, kisha bolti mbili. Stata ni nzito kuliko inavyoonekana, basi mmoja aishike wakati mwingine anafungua.

Tulipoifungua tukakuta kaboni zimebaki vipande vifupi. Fundi umeme wa magari akatutilia mpya. Stata nzima haikuhitajika. Kama ingehitajika, tungeilinganisha mpya na ya zamani: idadi ya meno, matundu ya bolti na mahali pa nyaya. Kabla ya kuirudisha tulisugua kwa msasa pale inapokutana na injini, kwa sababu stata hurudisha umeme kupitia chuma hicho. Kutu ikibaki hapo, hata mpya itazunguka kwa unyonge.

Kuitunza si kazi kubwa. Sisi wa visiwani tunaishi na hewa ya chumvi, na vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani upesi. Kila mwezi tunafungua nyaya, hasi kwanza, tunasugua kwa brashi na maji ya moto, tunakausha, tunakaza, tunapaka mafuta ya mgando juu. Na ufunguo hatuushikilii zaidi ya sekunde 10. Isipowaka tunaiacha ipumzike dakika moja, maana mota hiyo hupata moto haraka.

Dada zetu mnaojiandaa kuolewa, kujua haya si kumnyang'anya mume nafasi yake. Ipo siku atakuwa safarini, mtoto ana homa usiku, na gari inasema "ta!" moja. Mwenye kujua maana ya sauti ile hatababaika, wala hatauziwa betri asiyoihitaji. Ndiyo maana siku hizi katika vyombo vya bi harusi tunayempenda, pembeni ya chetezo, tunatia na seti ndogo ya spana.

Kutawakali hakuondoi kukaza nati. Semeni Bismillahi, kisha fungueni boneti. Allah azijaalie safari zenu ziwe za heri.